Mlo wa saa huria melini si kula saa yoyote

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wasomaji wanaojiandaa kupanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza. Wengi wao huambiwa na wakala sentensi moja tu kuhusu chakula: "Chagua mlo wa saa huria, utakula wakati unaotaka." Akishasema hivyo huhamia kwenye habari za chumba na bima. Mgeni anaingia melini akiamini kwamba ukumbi wa chakula ni kama jiko la nyumbani kwake, kwamba njaa ikiuma atafunua sufuria. Jioni ya kwanza, saa 1:30, anakuta foleni imejikunja hadi kwenye ngazi. Ananuna, anapanda juu kwenye bafe ya kujihudumia, na ukumbini harudi tena hadi safari inakwisha, ilhali chakula cha pale alishakilipia ndani ya tiketi. Sisi ni wahudumu wa kumbi hizo, na tungependa watu waelewe kilicho nyuma ya neno "huria" kabla hawajalichagua.

Ukumbi mkuu wa chakula katika meli kubwa haujengwi uketishe abiria wote kwa mpigo mmoja. Nafasi ni ghali melini, na kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuwagawa watu zamu mbili. Zamu ya kwanza huketi kati ya saa 11:30 na saa 12:30 jioni, ya pili kati ya saa 2:00 na saa 2:45 usiku. Mgeni wa zamu ana meza yake yenye namba, majirani walewale kila usiku, na mhudumu yuleyule ambaye kufikia siku ya tatu ameshajua nani hatumii maziwa na nani anataka chai kabla ya kitindamlo. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilivunja utaratibu huo kwa mtindo iliouita "Freestyle Cruising": hakuna zamu, hakuna meza ya kudumu. Nyingine zikafuata, kila moja na jina lake. Royal Caribbean wanauita "My Time Dining", Carnival "Your Time Dining", Celebrity "Select Dining", na Princess siku hizi "Dine My Way". Majina mengi, shina moja.

Lakini si kila meli inao. Disney huwahamisha wageni kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine kwa ratiba, na wahudumu huhama nao. Kwa Cunard, mgahawa wako unategemea daraja la chumba ulicholipia. Virgin Voyages hawana ukumbi mkuu wala bafe, wana migahawa mingi midogo ambayo imo ndani ya nauli. Kwa hiyo usimwulize wakala kama meli ina mlo huria. Mwambie akusomee kilichoandikwa kwenye uthibitisho wa nafasi yako. Pale pataonekana zamu ya kwanza, zamu ya pili, au saa huria, na wakati mwingine pataonekana kwamba umewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Zamu ya kwanza ndiyo hujaa mapema, hivyo kuna watu wanaojikuta kwenye saa huria bila kuichagua, wakija kugundua siku wameshafika mlangoni.

Sasa hiyo saa huria yenyewe. Mlango hufunguliwa kama saa 11:30 jioni na kufungwa saa 3:30 usiku, mara nyingine mapema zaidi. Ndani ya saa hizo nne ndimo uhuru wako ulimo. Nje ya hapo una bafe, vibanda vya piza na baga, na huduma ya chumbani ambayo kampuni nyingi sasa huitoza ada. Na hapa msomaji wa Kiswahili ajihadhari: karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani huandikwa 17:30 au 5:30 PM, na hiyo ni saa 11:30 jioni yetu. Ukiona 7:30 PM ni saa 1:30 usiku. Inaonekana jambo la kitoto, lakini kichwa kilichochoka na safari ya ndege husoma 7:30 kikasikia saa saba na nusu.

Kuna mtego wa pili wa saa. Meli ina saa yake, na simu yako ina ya kwake. Mkitia nanga kwenye bandari yenye saa tofauti, simu hunasa mtandao wa nchi kavu na kujibadilisha yenyewe, wakati nahodha ameamua saa ya meli ibaki ilivyo. Mgeni anafika mlangoni akiwa na hakika amewahi kwa dakika 5, kumbe amechelewa kwa dakika 55. Zima mpangilio wa simu kujibadilisha saa, au vaa saa ya mkono na uifuate ya meli.

Tuingie jikoni, maana huko ndiko jibu la foleni liliko. Kutoka ukumbini kuna milango miwili ya kusukuma, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na mhudumu akikosea mlango sahani huanguka. Ndani kuna mstari mrefu wa meza za chuma. Kwanza upande wa baridi: saladi na vianzio. Halafu supu. Halafu upande wa moto, ambako wapishi huweka nyama, samaki na mboga kwenye sahani zilizopashwa, mhudumu anafunika kila sahani kwa kifuniko, anazipandanisha juu ya trei kubwa la duara dufu, na kulibeba begani. Trei moja huchukua sahani 12 na zaidi. Mhudumu na msaidizi wake huwa na wageni kama 20 hadi 30, kwa hiyo hawaendi jikoni kwa ajili ya meza moja. Wanakwenda kwa ajili ya meza mbili tatu kwa pamoja.

Kwa mlo wa zamu jambo hili ni jepesi. Watu wote wameketi saa 12:00, vianzio vinatoka pamoja, na sahani za moto zinafuata zote kwa wakati mmoja. Kwa saa huria, saa 1:15 usiku mhudumu yuleyule ana meza inayokula aiskrimu, meza inayosubiri nyama, na meza ambayo ndiyo kwanza inafungua menyu. Wageni wa meza nne wakiketishwa kwake ndani ya dakika 5, wote watasubiri: trei halijai hadi meza ya mwisho imeagiza, na jiko linapokea oda 16 za nyama zenye viwango tofauti vya kuiva. Ndiyo maana mtu wa mlangoni huwaketisha wageni kwa kuwatawanya, meza hii kwa mhudumu huyu, inayofuata kwa mwingine.

Na ndiyo maana unapanga foleni huku ukiona meza tupu. Hakuna kinachowaudhi wageni kama hicho, na tumeona watu wazima wakinyoosha kidole: "Ile pale haina mtu!" Haina mtu kwa sababu moja kati ya tatu. Imeshikwa na waliobuku, yaani walioweka nafasi mapema, kwa saa hiyo na watatokea baada ya dakika 10. Au haijatandikwa upya, kwa maana kitambaa, glasi, visu na uma za watu wanne huchukua dakika kadhaa. Au mhudumu wa eneo hilo amepewa meza mbili sasa hivi, na ukiketishwa pale utasubiri umekaa badala ya kusubiri umesimama. Watu wengi wangechagua kukaa, tunajua. Ila ukikaa dakika 25 bila mkate wala maji, lawama inamwangukia mhudumu, na msimamizi wa ukumbi anajua hivyo.

Msongamano huwa mkali kati ya saa 12:45 jioni na saa 2:00 usiku. Siku za baharini, hasa usiku wa mavazi rasmi, ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna aliyechelewa kurudi kutoka bandarini. Siku ambayo meli inang'oa nanga saa 11:00 jioni, watu wote hurudi pamoja, huoga pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo saa 1:00 ni balaa. Mtu anayefika mlangoni kati ya saa 11:30 na saa 12:00 huingia moja kwa moja. Anayekuja baada ya saa 2:15 vilevile, mradi asivute hadi dakika 10 za mwisho. Mlango ukikaribia kufungwa utahudumiwa, lakini sahani iliyopendwa jioni hiyo inaweza kuwa imekwisha, na wahudumu wanaanza kutandika kwa ajili ya kifungua kinywa kukuzunguka. Si raha.

Njia ya uhakika ni kubuku. Kampuni nyingi zenye mlo huria zinaruhusu mtu kuweka saa ya kila usiku kabla ya safari, kwenye tovuti yao au kwenye aplikesheni ya simu. Norwegian ni tofauti kidogo: kumbi zao kuu kwa kawaida ni za kufika na kuketi, na kubuku kunahusu zaidi migahawa ya kulipia. Carnival wanao utaratibu wa kujiandikisha kwenye aplikesheni ukishapata njaa, kisha unapata ujumbe meza ikiwa tayari. Ujumbe ukija nenda. Meza haishikiliwi kwa muda mrefu, na ukikuta umepitwa unarudi mkiani. Aplikesheni hizi hufanya kazi kwenye Wi-Fi ya meli hata kama hukununua kifurushi cha intaneti. Weka simu kwenye hali ya ndege, washa Wi-Fi, unganisha na mtandao wa meli. Pakua aplikesheni ukiwa bado nchi kavu, kwa sababu kuipakua katikati ya bahari bila kifurushi ndiko kusikowezekana.

Ukikuta saa zote nzuri zimekwisha kwenye simu, usikate tamaa mapema. Zinazoonekana pale ni sehemu tu ya viti; vingine huachwa kwa wanaofika bila kubuku. Siku ya kupanda meli, mchana, wasimamizi wa ukumbi huweka meza yao mahali fulani kwa saa mbili tatu kushughulikia mabadiliko. Mahali na muda vimeandikwa kwenye ratiba ya siku. Nenda mapema, kabla hata ya kuzunguka meli kupiga picha, ukiwa na namba ya chumba chako na namba za vyumba vya wenzako. Omba mambo mawili kwa pamoja: saa ileile kila usiku, na eneo la mhudumu mmoja. Hili la pili wageni wapya hawalijui, nasi tunaliona ndilo bora kuliko yote. Mlo huria uliobukiwa saa 12:15 kila siku kwa mhudumu mmoja unakupa faida ya zamu, na usiku utakaotaka kula saa 2:30 hakuna wa kukuzuia. Unafuta nafasi ya usiku huo tu. Msimamizi akisema haahidi, kula jioni ya kwanza, ukimpenda mhudumu soma jina lake kwenye beji na namba ya meza, na kesho yake taja vyote viwili mlangoni. Mara nyingi utapelekwa kwake, ila huenda ukasubiri zaidi kidogo kuliko anayekubali meza yoyote.

Mkiwa familia au kundi la marafiki mlionunua tiketi mbalimbali, hakikisheni namba zenu za safari zimeunganishwa na kampuni kabla ya siku ya kuondoka. Wakala hufanya hivyo kwa dakika chache. Zisipounganishwa, mfumo unawaona kama watu wasiojuana, na kundi la watu 10 likifika mlangoni saa 1:00 bila taarifa halina meza, kwa kuwa meza za watu 8 na 10 ni chache na haziundwi kwa kusogeza viti: nyingi zimefungwa sakafuni ili zisiteleze meli ikiyumba. Kundi kama hilo ama libuku, ama lije mlango unapofunguliwa.

Upande wa pili ni meza za watu wawili. Kila mchumba anaitaka, na foleni yake ndiyo ndefu. Akiipata anagundua imetenganishwa na ya jirani kwa upana wa kiganja, na mazungumzo ya jirani anayasikia yote. Ukiulizwa kama uko tayari kuchangia meza, kusema ndiyo kunaweza kukuingiza muda huohuo. Hata hivyo hulazimishwi, na msafiri wa peke yake ana haki ya kuomba meza ya peke yake bila kujieleza.

Jambo la milango lina kichekesho chake. Ukumbi mkuu mara nyingi una sitaha (ghorofa za meli) mbili au tatu, na kampuni hupenda kutenga sitaha moja kwa zamu na nyingine kwa saa huria. Ngazi nzuri iliyo katikati ya ukumbi isikudanganye. Ukiingilia mlango usio wako utatolewa nje uzunguke. Soma namba ya sitaha kwenye kadi ya chumba au aplikesheni. Mlangoni penyewe huwa na foleni mbili, ya waliobuku na ya wasiobuku, na watu husimama dakika 20 kwenye isiyo yao kwa sababu tu walifuata migongo ya watu. Zaidi ya hapo, meli nyingi zina ukumbi mmoja upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, na jiko limekaa katikati ya sitaha ileile likiziba njia. Unatembea kuelekea nyuma ya meli, unaona kwenye ramani ukumbi uko mbele yako, na unagonga ukuta. Panda sitaha moja au mbili, tembea hadi tezi, kisha shuka. Wanaopata kichefuchefu wajue kwamba huko tezi ndiko mtikisiko wa rafadha, yaani mapanga yanayosukuma meli, unakosikika. Waombe meza iliyo karibu na katikati ya meli, sitaha ya chini.

Kwenye mzio na miiko ya chakula hatutaki mzaha. Udhaifu mkubwa wa mlo huria uko hapa. Mhudumu wa zamu anakujua. Wa saa huria huenda anakuona leo kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Taarifa ulizojaza kwenye tovuti zinafika melini, lakini usitegemee kwamba zimefika kwenye masikio ya anayekushikia menyu. Hatua ni hizi: andika kwa kampuni wakati wa kununua tiketi, au angalau siku 60 kabla ya kuondoka, hasa kama unahitaji chakula cha halali au cha kosha (kinachofuata sheria za Kiyahudi) ambacho lazima kipakiwe bandarini. Siku ya kwanza onana na msimamizi wa ukumbi ana kwa ana. Kisha, kila usiku, kabla ya kuagiza, mwambie mhudumu kwa maneno machache: "Nina mzio wa karanga." Usiseme "sipendi karanga", maana hilo jiko linalichukulia kama suala la ladha. Mwenye mzio mkali huletewa menyu ya kesho baada ya kula leo, anachagua, na jiko linamwandalia kando. Utaratibu huo unafanya kazi iwapo kesho atarudi kwa msimamizi yuleyule, na kwa hiyo mtu huyu, huria au la, aombe eneo moja kwa safari nzima. Kwa wasiokula nguruwe au wasiotumia pombe, tatizo mara nyingi si nyama yenyewe, ni mchuzi uliotiwa mvinyo, supu iliyoanzia kwenye vipande vya nguruwe, na vitindamlo vyenye ramu. Uliza kuhusu hivyo kwa jina.

Hesabu ya muda. Mlo kamili wa vianzio, mlo mkuu na kitindamlo huchukua saa 1 na nusu hadi saa 2. Onyesho la ukumbi wa burudani huwa mara mbili kwa usiku, tuseme saa 1:00 na saa 3:00, na ratiba hiyo imepangwa kwa kuwafikiria watu wa zamu: wa kwanza wanaona la pili, wa pili wanaona la kwanza. Mtu wa saa huria hakupangiwa na yeyote. Akiketi saa 1:15 amekosa la kwanza, na la pili analifikia akikimbia na kijiko mdomoni. Hesabu kurudi nyuma: onyesho saa 3:00, uwepo saa 2:40 ili upate kiti, basi keti mezani saa 12:30. Una haraka? Mwambie mhudumu ukishaketi tu, agiza vyote vitatu kwa pamoja, na kwa saa 1 hivi unaweza kutoka. Ukimwambia katikati, trei lake limeshapangwa.

Kwa wenye watoto wadogo maoni yetu ni tofauti na ya mawakala wengi: chukueni zamu ya kwanza. Mtoto wa miaka 4 hasubiri meza. Baadhi ya kampuni zina utaratibu wa kuwalisha watoto upesi, kisha wahudumu wa kilabu cha watoto wanawachukua watoto hao ili wazazi wamalizie mlo, na utaratibu huo unakwenda vizuri pale jiko linapojua saa ya kuwaketisha. Mkishika saa huria, njooni saa 11:30 na muombe chakula cha mtoto kitoke pamoja na vianzio vyenu.

Fedha. Ukumbi mkuu umo ndani ya nauli, pamoja na maji, chai na kahawa ya kawaida. Soda na pombe hazimo, na hutozwa kwenye kadi ya chumba. Unaweza kuagiza vianzio viwili, hata kitindamlo cha pili, hakuna atakayekutazama vibaya, lakini baadhi ya kampuni siku hizi hutoza sahani za ziada za mlo mkuu, na kamba-mti wa usiku wa mavazi rasmi huenda akawa mmoja tu kwa mtu. Bakshishi hukatwa yenyewe kila siku. Kwa kampuni kubwa za Marekani ni takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa chumba cha kawaida, na hugawanywa kati ya wahudumu wa mezani, wa vyumbani na wengine. Zamani mgeni alimpa mhudumu wake bahasha usiku wa mwisho. Kwa saa huria ungekuwa na bahasha saba. Ukitaka kumzidishia mmoja, mpe mkononi siku hiyohiyo, kwani huenda usimwone tena.

Migahawa ya kulipia ni suala jingine kabisa, haimo ndani ya saa huria. Huko kuna ada ya kuingia au bei kwa sahani, na juu yake asilimia 18 hadi 20 ya huduma. Usipotokea bila kufuta mapema, kampuni nyingi hukutoza hata hivyo. Soma kama mwisho wa kufuta ni saa 2 au saa 24 kabla. Usiku wa kwanza ndio unaopata nafasi kwa urahisi, kwa kuwa wageni bado wanatafuta vyumba vyao. Vifurushi vya milo mitatu au zaidi kwa safari ya siku 3 au 4 hatuvishauri. Utakuwa umelipia chakula mara mbili.

Bafe iko sitaha za juu, haina kubuku, na saa mbaya zaidi ni mchana wa kupanda meli, kati ya saa 6:00 na saa 7:30, ambapo watu wote wamejazana na mabegi yao ya mkononi. Uliza kama ukumbi mkuu au mgahawa mwingine wa bure umefunguliwa mchana huo. Ukiwa wazi huwa mtupu. Kifungua kinywa cha ukumbini ni cha kufika na kuketi kwa wote, hata walio na zamu. Chakula cha mchana ukumbini hutegemea siku, mara nyingi ni siku za baharini tu. Nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kuingia popote. Ile jeli ya mlangoni haiui vizuri virusi vya noro, vinavyosababisha kuhara na kutapika melini, na koleo la bafe limeshikwa na mamia kabla yako. Meli zinazofika bandari za Marekani kutoka nje hukaguliwa usafi na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, bila taarifa, kwa alama 100. Ikipata 85 kushuka chini imeanguka, na matokeo yako wazi kwa kila mtu kuyasoma kabla ya kununua tiketi.

Mavazi ni mafupi kueleza: jioni ukumbini si vazi la kuogelea, si fulana isiyo na mikono kwa wanaume, na mahali pengi si kaptura. Safari ya siku 7 kwa kawaida ina usiku 2 wa mavazi rasmi. Usipotaka kuvaa suti, bafe na migahawa midogo hubaki wazi usiku huo, na foleni zake huwa fupi.

Asubuhi ya kushuka, ukumbi hufunguliwa mapema na kufungwa mapema, mara nyingi kabla ya saa 2:30 asubuhi, na hakuna cha kubuku. Tunda na mkate viacheni mezani: Australia na New Zealand, kwa mfano, hutoza faini kali kwa chungwa moja lililosahaulika kwenye mkoba.

Ni sisi,
Wahudumu wa kumbi za chakula kwenye meli za kitalii